Ukoo wa Babu Mwekundu

Leo nimekwisha, jamani. Nimekwisha mchana kweupe, mbele ya Meneja, nikiwa nimevaa shati la kanisani.

Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya karakana, kwa sababu chumbani hakukaliki. Boay yuko mle, anacheka. (Boay ndiye mwenzangu wa chumba, dereva wa kombaini. Wale mliokuja Mei Mosi mnamkumbuka, ndiye aliyekula nyama ya watu wawili.) Anatulia kidogo, namsikia anavuta pumzi, nasema sasa imekwisha. Halafu anaanza upya.

Ngoja niende kwa utaratibu. Nikianza na mwisho mtacheka bila kuelewa, na mimi nataka angalau mcheke mkiwa mmeelewa.

Mnajua nafuga njiwa. Si njiwa wa kawaida. Ni wale wanaopinduka. Njiwa anapaa mpaka unamwona kama punje, halafu ghafla anajikunja na kubiringika kinyumenyume, haraka haraka, kama gurudumu lililochomoka kwenye trela. Anashuka hivyo mpaka unafumba macho. Halafu anajikunjua na kupanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa shambani watu wanawaita walevi. Mzee Lohay, mtunza ghala, anasema wana kifafa. Mke wa mlinzi aliwahi kuniletea dawa ya mizizi niwanyweshe. (Nilimshukuru sana. Niliimwaga alipogeuka.)

Wawili wa kwanza niliachiwa na mtaalamu wa mashine, mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Siku anaondoka alinikabidhi kizimba, akanionyesha mwekundu, akanionyesha mweupe, akasema maneno mengi kwa kasi, mimi nikaitikia "ndiyo, ndiyo", gari likaondoka. Hiyo ndiyo elimu yote niliyopewa. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kutazama.

Nikatazama. Mwekundu alikuwa mkubwa, kifua mbele. Alimfukuza mwenzake kwenye chakula. Alinguruma. Alimzunguka yule mweupe akimwinamia. Nikasema, huyu ni dume, wala haihitaji kuuliza. Nikamwita Babu. Mweupe nikamwita Bibi. Na kwa hao wawili nikaamua kujenga ukoo.

Ukoo, si kundi. Ninyi wa nyumbani Tumati mnaijua tofauti. Kwetu mzee anakutajia ng'ombe wake, mama wa huyu, mama wa mama wa huyu, mpaka anafika kwa yule aliyekuja na shangazi fulani wakati wa njaa. Mimi nilitaka njiwa ninayeweza kumtaja hivyo. Nilitaka siku moja mtu atazame juu, aone njiwa anabiringika, aseme, "Yule ni wa Paskali. Ni wa ukoo ule."

Makinda ya kwanza hayakupinduka. Hata moja. Waliruka kama njiwa yeyote, wakarudi kula. Nilikonda. Nikalaumu upepo wa mlima Hanang. Nikalaumu ngano. Nikabadilisha maji. Halafu nikamchukua kijana mmoja wa kiume nikamrudisha kwa Bibi, mama yake mzazi. (Najua, najua. Kwa njiwa inaruhusiwa. Msimwambie mchungaji.) Hapo ndipo akatoka mmoja aliyejikunja angani mara moja tu, akashtuka mwenyewe, akatua juu ya bati akitazama huku na huku kama aliyesukumwa. Nililia. Boay alinikuta nikilia akadhani kuna msiba nyumbani.

Tangu hapo kazi ni kuchagua. Anayepinduka vizuri anabaki kwenye ukoo. Asiyepinduka anakwenda kwa mpishi wa kantini. Anayepinduka akasahau kuacha, huyo anajipeleka kwa mpishi mwenyewe. Na kinda lolote lililotoka na rangi ya kijivu, yenye mistari miwili myeusi bawani, sikulipa hata jina. Ile ni rangi ya njiwa wa ghalani. Niliona ni kasoro tu imejitokeza, kama mtu kuzaliwa na kidole cha sita. Nikawa naifuta kasoro. Kila ikitoka, naifuta. Na kila nikiifuta, inatoka.

Sasa hao njiwa wa ghalani ndio chanzo cha yote. Wamejaa kwenye paa la ghala la ngano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wanakula, wanachafua, wanaanguka ndani ya magunia. Mzee Lohay amewapigia kelele mpaka sauti imekwaruza. Majuzi tangazo likabandikwa ubaoni: Jumamosi mlinzi atapewa risasi, na njiwa wote waliomo katika eneo la shamba watapigwa.

Wote.

Nilisoma tangazo lile nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Meneja na mikono ya grisi. Sikupanga la kusema. Nilisema tu, "Ndugu Meneja, wangu si wale."

Akainua macho kwenye karatasi zake. "Njiwa si njiwa?"

"Hapana, Ndugu Meneja. Wangu ni ukoo. Hawachanganyiki na wale wa ghalani. Namjua baba wa kila mmoja."

"Wa kila mmoja?"

"Wa kila mmoja."

Meneja ni mtu wa haki, ila ni mtu wa kushika maneno. Akaweka kalamu chini. "Basi nitakuja nione mwenyewe. Kama ni hivyo usemavyo, wako watabaki. Kama ni wezi walewale waliobadilisha nguo, Jumamosi wanakwenda na wenzao. Umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. (Mtu mwenye akili angesema asante akaenda kuhamisha njiwa usiku huohuo. Mimi nilikwenda kuosha shati.)

Siku ya kuja kuona ilikuwa leo.

Asubuhi niliamka kabla ya jogoo wa mpishi. Nikafagia banda. Nikanyunyiza maji ili kutuliza vumbi, maji yakafanya matope, nikafagia matope, vumbi likarudi. Banda lenyewe mnalijua, nimelijenga kwa chekeche chakavu za kombaini, kwa hiyo hewa inapita vizuri ila kila uchafu unaonekana kutoka barabarani. Nikawashika njiwa mmoja mmoja nikawasafisha miguu kwa mswaki. Mswaki wangu. Nikawanyima chakula, maana njiwa mwenye shibe hapinduki, anakaa tu kama diwani.

Boay alikuwa anavaa buti, ananitazama.

"Umepiga pasi shati kwa ajili ya njiwa?"

"Kwa ajili ya Meneja."

"Meneja ndiye atakayebiringika?"

"Boay, tafadhali. Nisikilize, nisije nikakosea." Nikasimama wima nikaanza kutaja. "Babu alimzaa Tarmo. Tarmo akapewa Bibi, wakamzaa Kengele. Babu huyohuyo alipewa Kisura, wakamzaa..."

"Huyo Babu wako hapumziki?"

"Babu ana nguvu za ajabu," nikamwambia, tena kwa kiburi. "Wewe hujui. Njiwa wote wanataga mayai mawili. Lakini mke yeyote nitakayempa Babu, kiota kinakuwa na mayai manne. Manne, Boay! Kila mara! Hiyo ni damu."

Boay akafunga kamba za buti. "Na yote yanaanguliwa?"

"Baridi ya hapa inaharibu mengi," nikasema.

Jamani. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimepanga kabisa kumwambia na Meneja habari ya mayai manne, iwe ndiyo ushahidi wa kumalizia.

Meneja alisema atakuja asubuhi. Asubuhi ikaisha. Nilivaa shati, nikavua lisichafuke, nikavaa tena nilipoona vumbi la gari, likawa gari la dizeli, nikavua. Fundi mkuu akanituma spana nikamletea nyundo. Nikaenda kuchungulia banda. Njiwa wote wako macho, wana njaa, wanatembea huku na huku kama mimi. Ila Babu peke yake ameganda kwenye kiota. Jana tu kiota chake kilikuwa na mayai matatu, nami nikawa nasubiri la nne kwa matumaini makubwa. Mke wake wa sasa, Zawadi, amesimama kando anamtazama. Nikafurahi. Nilikwisha kujifundisha kwamba dume ndiye anayeatamia mchana. Nikasema, mwone, zamu yake anaijua.

Saa nane ikapita kidogo, Meneja akaja. Kwa miguu. Na Mzee Lohay nyuma yake.

Huyo wa pili sikumtegemea. Mzee Lohay ni mtu wa Gitting, mcha Mungu, ana koti moja la kijani analovaa jua na mvua, na ana chuki moja tu duniani, nayo ina mabawa.

"Shikamoo, Ndugu Meneja. Shikamoo, Mzee Lohay."

"Marahaba," akasema Meneja.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Lohay. "Kifafa chao hakijapona?"

Nikafungua mlango wa banda nikawaachia njiwa, isipokuwa Babu na Zawadi waliobaki kwenye kiota.

Na hapa, jamani, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hii ni sehemu pekee ya siku ya leo ninayotaka ikumbukwe. Walipanda. Walipanda wote kwa pamoja, wakazunguka juu ya karakana, juu ya nyumba za wafanyakazi, wakaenda juu ya ngano iliyobaki, wakawa wadogo kabisa. Nilikuwa nimeshika kola ya shati langu kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, tafadhali, leo tu. Na Kengele akaanza. Akajikunja, akabiringika chini kama kitu kilichokatwa kamba, na wengine wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, halafu karibu wote kwa mara moja, anga yote ikawa inaporomoka. Halafu wakajikunjua. Wote.

Meneja alikuwa ametazama juu mpaka kofia ikaanguka nyuma yake. Hakuiokota.

"Loo," akasema.

Mzee Lohay alikuwa amefumba macho, nadhani aliogopa.

Meneja akaokota kofia, akaikung'uta kwenye goti. "Kijana, nimeona. Inatosha. Hawa si wale wa ghalani, kipofu ataona. Mzee Lohay, hawa waachwe."

Mzee Lohay akaguna. Mambo yakawa yamekwisha. Mmesikia? Yamekwisha! Alikwisha kusema waachwe. Alikuwa amegeuka, mguu mmoja tayari uko njiani. Nilichotakiwa kufanya ni kusema asante na kunyamaza. Hata mtoto angejua kunyamaza.

Lakini mimi siwezi kuacha kitu nusu. Mnanijua. Nilikuwa nimekariri ukoo mzima, nimepiga pasi shati, nimewasugua miguu. Mwanzilishi hajaonekana! Nikaona itakuwa ni kazi isiyokamilika.

"Ndugu Meneja," nikasema, "bado. Hujaonana na Babu."

Akarudi.

Nikaingiza mkono kwenye kiota. Babu alikataa. Alinipiga kwa bawa, akanidonoa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamtoa kwa nguvu, alikuwa mzito kuliko kawaida. Nikamwinua mbele yao kama mchungaji anayebatiza.

"Huyu ndiye baba wa ukoo," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imebadilika, nilikuwa naongea kama redio. "Wote mliowaona wametoka kwake. Tazama kifua. Tazama shingo ilivyo nene. Tazama jicho. Watu wengi wanashindwa kutofautisha dume na jike, Ndugu Meneja, lakini ukishazoea, dume halisi unalijua kwa kulitazama tu."

"Mbona amepoa hivyo?" akauliza Mzee Lohay.

"Ni utu uzima, mzee."

"Anahema."

"Ni hasira. Dume halipendi kushikwa."

Meneja akavutiwa. Akanyoosha kiganja. "Hebu nimshike."

Nikamweka Babu mkononi mwa Meneja. Taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Babu akatulia. Akafumba macho nusu. Akapanua miguu kidogo. Mkia ukashuka, ukapanda, ukashuka.

"Anafanya nini?" akauliza Meneja.

"Anajikaza," nikasema. "Amemtambua mkubwa. Ni heshima."

Babu akajikaza kwa heshima mara nyingine.

Nikaona uso wa Meneja unabadilika. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta kitu ambacho hakukiweka yeye.

"Paskali," akasema polepole.

"Naam, Ndugu Meneja."

"Kuna kitu cha moto mkononi mwangu."

Nikajua ni kinyesi. Nikachomoa kitambaa haraka. "Samahani sana, Ndugu Meneja, ngoja nikupanguse, hii ni kawaida, hata mimi..."

"Si hicho," akasema Meneja.

Akamwinua Babu kwa mkono wa pili. Kwenye kiganja cha kwanza lilikuwepo yai. Jeupe. Zuri. Bado lina unyevu.

Kwa mbali nilisikia kombaini inageuza mwisho wa shamba. Nakumbuka nilitamani iendelee kuja huku, ipite juu yangu.

"Hebu nirudishe nyuma kidogo," akasema Meneja. "Ulisema huyu ni nani?"

"Ni Babu."

"Babu wa nani?"

"Wa... wote, Ndugu Meneja."

Mzee Lohay akashika wavu wa banda. Akaushika kwa mikono yote miwili. Koti la kijani likaanza kutikisika mabegani, bila sauti yoyote, halafu sauti ikatoka, nyembamba kama ya filimbi. Sijawahi kumsikia Mzee Lohay akicheka tangu nianze kazi hapa. Nilidhani ameshikwa na kifafa yeye.

Nami, badala ya kukubali, nikajitetea. (Sijui kwa nini. Mdomo ulikwenda wenyewe.)

"Inawezekana ni la mke wake, Ndugu Meneja. Labda lilinasa kwenye manyoya."

"Mke wake yuko wapi?"

Tukageuka wote. Zawadi alikuwa ameingia kwenye kiota, ameketi juu ya mayai matatu, anatutazama kama anasubiri la nne lake liletwe.

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka, jamani, na kilifunguka vibaya. Mayai manne. Mawili na mawili. Majike mawili kwenye kiota kimoja! Tangu siku ya kwanza. Babu na Bibi, majike mawili. Babu na Kisura, majike mawili. Babu na Zawadi. Si nguvu, si damu, wala si baridi iliyoharibu mayai. Nilikuwa nimewaoza wanawake kwa wanawake, nikawaandalia viota, nikajisifu kantini. Na bado baadhi ya mayai yalianguliwa. Makinda ya kwanza yalitoka. Tarmo alitoka.

Sasa Tarmo alitoka kwa nani?

Meneja naye alikuwa amefika pale pale, maana ni mtu wa kushika maneno. "Uliniambia unamjua baba wa kila mmoja," akasema. "Basi nitajie mmoja tu."

Ningali nimefungua mdomo, mlango wa banda nao uko wazi, mgeni akaingia.

Alikuja kwa miguu. Hakuruka. Alitoka nyuma ya pipa la maji, akapita katikati ya viatu vyetu, njiwa wa kijivu, mistari miwili myeusi bawani, mguu mmoja umepungua kidole. Akapita bila haraka, kama mtu anayerudi kwake kutoka kazini. Akaingia ndani kwa mlango ule ule ninaouacha wazi kila mchana nikiwa kazini. Akanywa maji. Halafu akamwona Babu mkononi mwa Meneja, akavimbisha shingo mpaka ikawa kama birika, akaanza kuzunguka chini yake akinguruma na kuburuta mkia kwenye sakafu niliyoifagia tangu asubuhi.

Na Babu, Babu wangu mwekundu, mwenye kifua, akainamisha kichwa kwa aibu.

"Aa!" akapiga kelele Mzee Lohay. "Huyu! Huyu namjua! Huyu wa kidole! Ndiye ninayemrushia mawe pale kwenye mlango wa magunia! Kila siku ananitoroka mchana, najiuliza anapotelea wapi!"

"Kumbe ana nyumba," akasema Meneja.

"Ana nyumba, ana wake, na shemeji anafagia!"

Meneja akaanza. Alijaribu kujizuia, nilimwona, aliuma mdomo, lakini alikuwa na yai mkono mmoja na Babu mkono wa pili, hakuwa na mkono wa kujifunika. Akacheka mpaka machozi. Ikabidi nimfute mimi kwa kile kitambaa nilichokuwa nimekishika. Nilimfuta machozi Meneja wa shamba. Hiyo pia imetokea leo.

Kelele zikawaleta watu wa karakana. Boay akaja mbele kabisa, akaona yai, akamwona Babu, akaniona mimi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Paskali!" akasema. "Babu amejifungua salama?"

Na huku juu, wengine wakaanza kushuka. Walikuwa na njaa, maskini, nilikuwa nimewanyima chakula. Wakatua mmoja mmoja mlangoni wakaingia ndani, na kila mmoja alipopita karibu na yule wa kijivu nikaona nisichowahi kukiona. Mwendo ni uleule. Ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja ni ileile. Kengele, fahari yangu, akasimama karibu naye, na hata mtu aliyesimama barabarani angesema huyu ni mtu na mjukuu wake. Na mimi nimekuwa nikiwapeleka kwa mpishi makinda ya kijivu, kwa kosa moja tu, la kufanana na baba yao.

Watu walipotulia kidogo, Meneja akanirudishia Babu. Uso ukawa wa ofisini tena.

"Kijana, tulikubaliana nini?"

"Kama wanachanganyika na wa ghalani..."

"Wanachanganyika?"

Nikamtazama yule wa kijivu. Alikuwa anakula punje niliyoiangusha mimi. "Ndiyo, Ndugu Meneja."

"Basi tangazo ni tangazo."

Nikasema tu, "Lakini wanapinduka, Ndugu Meneja. Umeona mwenyewe. Baba yao nimekosea. Kupinduka sikukosea."

Meneja akatazama juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Bado alikuwa ameshika yai.

"Tangazo linasema njiwa waliomo katika eneo la shamba," akasema mwishowe. "Wasiokuwemo halina habari nao. Alhamisi lori linapanda Mbulu kufuata spea. Wako wote wawemo. Jumamosi nisimwone hata mmoja."

Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka una yai.

"Na huyu mwizi?" akauliza Mzee Lohay, tayari ameokota jiwe. "Huyu mwachieni mimi. Nimemsubiri sana."

Meneja akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Baba hatumtenganishi na watoto."

"Meneja! Huyo ni wa ghalani!"

"Alikuwa wa ghalani. Sasa ana ukoo. Muulize Paskali atakutajia."

Akaniwekea yai mkononi, akavaa kofia, akaondoka. Alipofika kwenye kona ya karakana niliona mabega yanaanza tena. Mzee Lohay alibaki kidogo, akamtazama yule wa kijivu kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa mara mbili. Halafu akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "hata kuku hukuwahi kufuga?" Akaenda zake.

Basi ndiyo hivyo. Alhamisi wanashushwa kwenu Tumati, lori likiwa njiani kwenda Mbulu, kizimba kizima, nami nawategemea ninyi muwapokee. Mpeni Mama taarifa mapema, mwambieni kabla hajauliza wanapikwaje. Kengele msimfungulie mpaka azoee. Wa kijivu anakula chochote, ila fungeni mlango wa ghala. Na akitokea kinda wa rangi yake, tafadhali mpeni jina.

Ukoo upo, jamani, usidharauliwe. Ni baba tu nilimkosea. Na babu. Na kama nikitazama vizuri, nadhani na shangazi wawili.

Mkitaka kucheka, malizeni kabla lori halijafika. Babu anakuja ameatamia mayai manne ndani ya kikapu, na katika hali yake hapendi kelele.